Nati Isiyo na Hodi

Karai la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni ya mche na taulo la rangi ya samawati: hivyo ndivyo vitu nilivyopokewa navyo Jumamosi iliyopita katika nyumba moja ya watu wa heshima mjini Tanga, mbele ya wazee wanane waliokaa juu ya busati kwa utulivu wa watu waliokwisha kungoja sana, hali mimi sikuwa nimekwenda huko kuoga wala kufua, bali kuposa kwa niaba ya mpwa wangu. Nilikuwa nimekwisha kutoa salamu ndefu niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, nikanyoosha mkono wangu wa kulia kwa taadhima yote niliyojaaliwa, na babu wa binti, mzee mwembamba mwenye macho makali kuliko umri wake, akaupokea kwa ncha za vidole viwili, akaugeuza huku na huku kama mtu akaguaye samaki mnadani, akaifuata kwa macho ile grisi iliyoanzia kuchani, ikapita kiganjani, ikapanda na mkono wa kanzu hata kwenye kiwiko, ndipo aliposema kwa sauti ya upole ambayo ningali nikiisikia nilalapo, "Karibu sana, bwana. Sisi tuliletewa habari kwamba anakuja mshenga. Hatukuambiwa kwamba na fundi naye yumo msafarani."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na laiti wangalicheka, maana kicheko huja kikapita. Waliinama wote kwa pamoja wakayatazama maua ya busati, na mabega ya kwanza kutikisika hayakuwa ya upande wao. Yalikuwa ya shemeji yangu, niliyemleta mimi mwenyewe, kwa motokaa yangu mwenyewe, na kwa petroli niliyoilipia mwenyewe.

Sababu ya fedheha hii ni kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ndimu. Tulikuwa tumekwisha kuipita Hale, tukiyakata mashamba ya katani kuelekea Muheza, na saa ilikuwa tano ya asubuhi, ilhali mwaliko wetu ulikuwa baada ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo tulikuwa na wasaa wa kutosha hata wa kununua machungwa njiani, mara gurudumu la nyuma upande wa kushoto likaanza kupiga chini pwata-pwata kama kandambili iliyokatika ukanda. Pancha si msiba. Niliegesha kando, nikakunja mikono ya kanzu, nikamwomba shangazi yangu ashuke akae chini ya mwembe, nikamwomba na shemeji anisaidie, naye akanijibu kwamba ameshika barua ya posa, na barua ya posa haiwekwi chini. Jambo ambalo katika mila zetu ni kweli tupu, nami sikuwa na hoja ya kulipinga. Kabla ya kupandisha jeki, kama ipasavyo, nikaanza kulegeza nati. Nne za kwanza zilitii, kila moja ikitoa mlio mdogo wa kukubali. Ya tano ilinitazama.

Nasema ilinitazama kwa kuwa ilikuwa na uso. Wenzake wote walikuwa na pembe sita kama nati za Waislamu na Wakristo, lakini hii ilikuwa duara, laini, inang'aa, na usoni pake pamechorwa mfereji mwembamba uliopinda na kurudi mfano wa njia ya mchwa chini ya gome la mti. Niliivisha spana, spana ikazunguka bila ya kushika chochote. Niliivisha tena, kwa upole, kama mtu anayedhani kwamba hakusikika vizuri mara ya kwanza. Miaka miwili nimeiendesha motokaa ile, nimeiosha kwa mikono yangu, nimekaa ubavuni mwa magurudumu yale nikinywa kahawa, na wala sikupata kujua kwamba katika kila gurudumu, miongoni mwa nati tano, mmekaa moja ambayo si yangu.

Kila mtu amekwisha kuona nati, lakini ni wachache waliopata kukaa nayo uso kwa uso muda wa saa tatu na nusu, na mimi kwa kuwa sasa ni miongoni mwao, naomba ruhusa niieleze, maana hata katika ghadhabu zangu sikuacha kustaajabu. Watu hudhani kwamba kinachoizuia nati isitoke ni hesi, nao wamekosea. Kinachoizuia ni msuguano. Hesi si kitu ila njia ya mwinamo iliyozungushwa katika msumari, mfano wa barabara itokayo Mombo kupanda Lushoto, ambayo haithubutu kuukabili mlima wa Usambara kifua kwa kifua, bali huuzunguka na kuubembeleza, kona baada ya kona, hata mlima ukajikuta umekwisha kupandwa. Katika motokaa yangu msumari huo una unene wa milimita 12, na nati izungukapo mara moja kamili husogea mbele milimita 1 na nusu tu, na hapo ndipo ilipo hikima yote, kwani mkono wa mtu hutembea mwendo mrefu ili nati itembee mwendo mfupi, na kilichopungua katika mwendo hulipwa katika nguvu. Msumari nao, ijapokuwa ni chuma, ukivutwa hurefuka kidogo sana, kama kamba ya tanga wakati wa kusi, na kwa kutaka kuurudia urefu wake wa asili huibana rimu juu ya kitovu cha gurudumu. Kitabu cha motokaa kinaagiza kwamba nati ikazwe kwa kipimo cha nyutoni-mita 103, na maana yake kwa mtu asiye mhandisi ni kama kutundika mzigo wa kilo 10 na nusu katika ncha ya spana yenye urefu wa mita 1. Lakini mafundi hukadiria kwamba katika nguvu zote hizo, kama sehemu 9 katika kila 10 huliwa na msuguano, nyingine chini ya nati na nyingine ndani ya hesi, na sehemu 1 tu ndiyo inayofika kwenye kazi yenyewe. Hesabu ambayo yeyote aliyepata kukusanya michango ya harusi ataifahamu bila ya mwalimu.

Sasa yule aliyebuni nati ya ulinzi hakugusa hesi wala msuguano. Alichofanya ni kuondoa pembe. Pembe sita za nati ndizo mlango wake, kwa kuwa ndipo spana inaposhika, na nati iliyonyang'anywa pembe ni nyumba iliyozibwa mlango kwa matofali na kupakwa chokaa hata usijue palikuwa wapi. Kisha akaitia chuma kigumu kisichokubali keekee, akauchora ule mfereji usoni, na kwa kila seti ya nati nne akatengeneza kikombe kimoja kidogo cha chuma, ambacho ndani yake umeinuka ukuta wenye mapindo yale yale. Ukuta huingia katika mfereji, spana ya kawaida hushika mgongo wa kikombe, na nati hufunguka kwa adabu kama ndugu zake. Michoro ni mingi, na kila mchoro una namba yake, na namba imeandikwa katika kadi ndogo ambayo mwenye motokaa hushauriwa aiweke mahali salama. Ziko na nyingine, nasikia sasa kwa mafundi, zilizovikwa pete ya nje inayozunguka peke yake, hata ukiishika kwa koleo inazunguka, ukafurahi, ukaendelea kuizungusha, kumbe nati yenyewe imetulia ndani haina habari. Na mtu yeyote aliyepata kufuatilia faili katika ofisi amekwisha kuonana na nati ya namna hiyo.

Ni kazi nzuri, sikatai. Mababu zetu walipotaka kulinda nyumba Unguja na Lamu walichonga milango ya mti mgumu, wakaipigilia njumu za shaba, wakaitia minyororo na makomeo, na mlango mmoja ukawa unatosha kumkatisha tamaa mtu na jamaa zake. Lakini mlango, hata uwe mzito namna gani, nyuma yake kuna mtu, na mtu huyo ana masikio. Ukibisha hodi, ukataja jina lako na la baba yako, utafunguliwa. Nati haina hodi. Ningaliweza kuisomea kadi ya gari yenye jina langu, ningaliweza kuionyesha risiti za ushuru, ningaliweza kumleta na shangazi atoe ushahidi kwamba alinibeba mgongoni, na isingalinitambua, kwa kuwa kufuli haimjui mwenyewe. Kufuli huujua ufunguo, basi.

Tukautafuta ufunguo. Tuliliteremsha kila lililokuwamo katika buti, na Waswahili husema mficha uchi hazai, kwa hiyo nitaorodhesha: mwavuli usio na mpini, kandambili moja ya kushoto, chupa tatu tupu za maji, mswala, kitabu cha Kijapani ambacho hakuna katika ukoo wetu awezaye kukisoma, na chini kabisa, chini ya tairi ya akiba, kikasha cha plastiki ambacho juu yake palichorwa picha nzuri ya kikombe kile kile, na ndani yake palichongwa vishimo vitano, vinne vya nati na kimoja cha ufunguo. Vyote vitano vilikuwa vitupu. Nati nne nilijua ziliko.

Yaliyofuata yalishuhudiwa na jamii iliyozidi kukua kila robo saa, hata watoto waliokuwa wakiuza machungwa kando ya barabara wakahamishia biashara yao pale, wakawauzia watazamaji. Wa kwanza kutoa rai alikuwa shangazi. "Mwanangu," aliniambia kutoka chini ya mwembe, "tia mafuta ya nazi." Alikuwa nayo chupa nzima, hidaya ya mama wa binti, aliyoyakamua mwenyewe, na shangazi akisema jambo halijibiwi, hutendwa. Nikatia. Mafuta yakaingia mahali pote isipokuwa pale yalipotakiwa kuingia, nami nilipoishika nati kwa koleo, koleo likateleza, ngozi ya vifundo vya vidole vyangu ikabaki juu ya rimu, na ile nati, ambayo mpaka hapo ilikuwa laini tu, sasa ikawa laini tena inanukia.

Ndipo akajitokeza mzee mmoja mwenye fimbo, aliyejieleza kwamba aliendesha malori ya katani miaka ishirini na mitatu, na kwa umri wake na kwa sauti yake kila mtu akampisha. Akaitazama nati, akalitazama gurudumu, akanitazama mimi kwa huruma, akasema, "Bwana, wewe unavuta kushoto. Gurudumu la upande wa kushoto hufunguliwa kwa kulia." Nataka nimtendee insafu mzee huyu, kwa kuwa alichosema si uzushi: malori mengi ya Kijapani yamechongwa hesi za upande wa kushoto kinyume na za upande wa kulia, ili mzunguko wa gurudumu liendapo mbele usizilegeze nati kidogo kidogo, na dereva wa lori asiyelijua hilo hukata misumari yake mwenyewe. Elimu ile ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni gari. Motokaa ndogo kama yangu haina tofauti hiyo, magurudumu yote manne hufunguka kwa kushoto, lakini mimi saa ile sikuwa mtu wa kubishana na mwenye hoja, kwa maana mwenyewe sikuwa nayo hata moja.

Ikaazimwa spana ya bomba kwa fundi wa maji, yenye meno ya kuuma chuma cha duara, ikatiwa bomba la urefu wa mita nzima katika mpini wake ili kuongeza nguvu, na shemeji yangu, kwa mara ya kwanza siku ile, akamkabidhi shangazi barua ya posa akaja kushika. Tukavuta kulia, mimi, shemeji na kijana wa bodaboda, mzee akituhesabia. Nati ikasogea! Watu wakapiga makofi, shangazi akapiga kigelegele chini ya mwembe, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikatoa machozi. Tukavuta tena, ikasogea tena, kiasi cha upana wa kidole, kisha ikakataa, meno ya spana yakakwaruza, yakateleza, tukaanguka sote watatu juu ya majani. Mtoto mmoja wa machungwa, asiyezidi miaka tisa, akauliza kwa heshima mbona inazidi kuingia ndani. Hapana aliyemjibu. Mzee wa malori alikuwa amekwisha kuichukua fimbo yake na alikuwa anaelekea msikitini, maana adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa.

Nilikaa chini. Kanzu yangu, iliyofuliwa na kutiwa buluu na kupigwa pasi kwa ajili ya siku ile moja, ilikuwa na mafuta ya nazi kifuani, vumbi mgongoni na grisi kila mahali palipobaki, na nikapiga hesabu, kwa kuwa mtu akishindwa na mikono hukimbilia hesabu: nati iliyotakiwa kukazwa kwa kilo 10 na nusu katika mita moja, sisi watu wazima watatu tuliiongezea uzito wetu wote katika mita hiyo hiyo, tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Wezi wote wa mji mzima, lau wangalikutana wakala njama ya kuifanya motokaa ile isifunguke, wasingalifanya kazi bora kuliko ile niliyoifanya mimi na jamaa zangu.

Saa nane ikapita. Likaja lori lenye shehena ya mbao, likasimama bila ya kuitwa, na kutoka juu ya mbao akateremka utingo wake, kijana mwembamba aliyevaa kandambili mbili zisizofanana. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo, mzee," akamwamkia na shangazi, kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaipapasa nati kwa kidole gumba kama mtu akumbukaye jambo. Hakuuliza ufunguo uko wapi. Alikwenda katika kasha la lori akarudi na soketi moja kuukuu, ya zile zenye pembe 12 ndani, akaijaribu, ikakataa kuingia, ndogo kwa unywele mmoja tu kuliko nati, naye akatabasamu, kwani hivyo ndivyo alivyoitaka. Akaiweka sawasawa juu ya nati, akaipiga kwa nyundo nzito mapigo saba, shangazi akiyahesabu, na kwa kila pigo zile pembe zikajikita katika ubavu wa nati, hata kile kilichonyang'anywa pembe kiwandani kikarudishiwa pembe kwa nguvu kando ya barabara. Hapo akatia mpini, akavisha bomba, akavuta kushoto, pole pole, bila ya kishindo, akiegemea kama mtu avutaye ngalawa pwani. Ukatoka mlio mmoja mrefu wa mlango wa kale. Kisha kimya. Kisha nati ikaanza kuzunguka.

Dakika nne. Niliitazama saa yangu kabla na baada, kwa hiyo nina hakika: mwenyewe mwenye hati zake zote, pamoja na shangazi, shemeji, dereva mstaafu, fundi wa maji na kijana wa bodaboda, saa tatu na nusu na kushindwa, mgeni mwenye soketi kuukuu, dakika nne. Nikamwuliza alikojifunza maarifa yale. Akanikabidhi nati, aliyoitoa ndani ya soketi kwa kugonga, akatazama pembeni, akasema, "Mzee, kazi nyingine hufundishwa usiku." Sikuuliza zaidi. Alitaka shilingi elfu kumi na tano, akapokea elfu kumi, baada ya shangazi kumwita mwanangu mara saba.

Lakini kabla ya kupanda juu ya mbao zake aliligonga gurudumu langu kwa kidole, akaniambia jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko karai na sabuni. "Mzee, nati hizi ni za kulinda rimu za spoti. Rimu zako hizi ni za chuma tu, hakuna mwizi anayezitaka, hata bure." Nikalitazama gurudumu, naye alikuwa amesema kweli, na papo hapo kadhia yote ikanifunukia kama kitabu. Motokaa ile ilipotoka Japani ilikuwa na rimu za thamani, na mwenyewe wa huko, mtu mwangalifu, akazinunulia nati za ulinzi, akauweka ufunguo katika kikasha, na kikasha chini ya tairi ya akiba. Mahali fulani, baina ya mikono yake na yangu, mtu alikifungua kile kikasha, akautumia ufunguo kama ulivyokusudiwa, akachukua rimu zote nne, akaweka badala yake za chuma chakavu, na kwa mzaha au kwa mazoea akazifunga hizo chakavu kwa zile zile nati za ulinzi, kisha akaenda zake na ufunguo. Ulinzi wote ule wa chuma kigumu na mifereji iliyopinda, mwizi aliufungua kwa ufunguo wake halali. Aliyezuiliwa ni mimi.

Hapa naomba niache mzaha kidogo. Jumatatu nilikwenda kwa muuzaji aliyeniuzia motokaa ile, akanikaribisha kwa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, hiyo ni kawaida." Nikamwambia kwamba nilipoinunua haikuwa na jeki, haikuwa na redio, haikuwa na spana, na vyote hivyo nilivinunua tena kimya kimya, na sasa nimegundua kwamba hata rimu zilikuwa nyingine, akasema nayo ni kawaida, kwake vitu hufika hivyo hivyo, niulize bandarini. Walio bandarini, akasema, watanituma melini, na walio melini watanituma mnadani Japani, na kila penye lango pana mlinzi, na kila mlinzi ana karatasi iliyopigwa muhuri kuonyesha kwamba mikononi mwake hakikupotea kitu. Simshitaki mtu, maana sina wa kumshitaki, na hilo hasa ndilo shitaka langu. Wizi ukiitwa wizi, walau mwenye mali ana haki ya kupiga kelele. Ukiisha kuitwa kawaida, anayepiga kelele ndiye mkosa adabu, na anayelipa mara mbili ndiye mstaarabu. Nililipa bei nzima, nikalipa na ushuru mzima, kwa kitu ambacho kila aliyekipitisha alikimega kidogo, na cha mwisho kumegwa kilikuwa kikombe kidogo cha chuma ambacho hakimfai mtu yeyote duniani isipokuwa mimi.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Posa ilikubaliwa. Babu wa binti, baada ya kuelezwa kisa chote na shemeji kwa ufasaha ambao sikumjua nao, alisema kwamba katika mahari hawana neno, ila kifungua mlango watakizidisha maradufu, kwa kuwa wameona kwamba sisi ni watu tusiochunga funguo, na nyongeza hiyo naitoa mimi. Beringi ya gurudumu lile, iliyopokea mapigo saba ya nyundo, inalia tangu Jumapili kila nipitapo mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nati ya pili ilitolewa gereji Jumatano kwa kuchomelewa nati nyingine usoni. Ya tatu ilivunja soketi mbili. Ya nne ingalipo.

Ewe msomaji mwenye motokaa, usiku wa leo kabla hujalala, chukua taa, teremka, zunguka magurudumu yako yote manne, uhesabu nati kwa kidole. Ukikuta moja ni duara, utafute ufunguo wake usiku huo huo, na ukiupata, uufunge kwa kamba pamoja na spana. Usingoje mpaka uwe umevaa kanzu.